Sikio la Kibonge

Kila siku nilipotoka shule mambo yalikwenda vilevile. Navua sare, nafua soksi, nakula kilichofunikwa mezani, kisha mama ananikabidhi vitu viwili: simu yake na mdogo wangu. Mdogo wangu alikuwa na miaka miwili na nusu, mashavu yamejaa, tumbo limetangulia mbele, na hakuna aliyemwita kwa jina lake. Sote tulimwita Kibonge, na mwenyewe aliitika bila kinyongo.

Mama alikuwa fundi cherehani. Chumba cha mbele kilikuwa karakana yake, na chumba cha nyuma kilikuwa changu na Kibonge kuanzia saa tisa mpaka saa kumi na moja. Katikati palikuwa na pazia tu. Sharti la mama lilikuwa moja: video moja ya herufi, dakika kumi, basi. Baada ya hapo nizime simu, nichukue kipande cha kitambaa cheusi kwenye mabaki yake, niandike herufi ya siku hiyo kwa chaki anayochorea nguo, halafu nimshike Kibonge mkono aifuatishe. Jioni mama alikikagua kile kitambaa kabla hata ya kuvua miwani.

Zile video zilikuwa za bata wa katuni aliyevaa kofia. Aliimba herufi, akaonyesha kitu kinachoanza na herufi hiyo, akanyamaza kidogo ili mtoto arudie. Moja ikiisha, nyingine ilianza yenyewe. Kibonge alimpenda yule bata kuliko alivyonipenda mimi, na hilo halikuniudhi, lilinifaa sana. Maana nyuma ya nyumba wenzangu walikuwa wakiruka kamba, na mimi kwa kuruka kamba, sijisifu, sikuwa na mpinzani mtaa mzima. Nilisikia miguu yao ikigonga chini huku mimi nimekaa na chaki mkononi nikimwambia mtoto aseme "de". Roho iliniuma kwelikweli.

Tatizo lilikuwa mama. Alishona huku masikio yake yapo kwetu. Bata akizidisha wimbo mmoja tu, sauti ya mama ilipita kwenye pazia: zima hiyo. Basi siku moja nikazikumbuka hedifoni ambazo mjomba alizisahau kwetu, zile ndogo za kuchomeka masikioni, zenye vipira vyeusi laini kwenye ncha. Nikamvisha Kibonge. Nikaongeza sauti, ili asisikie kelele za nje akanifuata. Chumba kikawa kimya. Nikatoka kwa mlango wa nyuma kwa kunyata.

Siku hiyo niliruka kamba mpaka jasho likanitoka. Niliporudi, Kibonge alikuwa amekaa palepale nilipomwacha, macho hayapepesi, midomo inacheza bila sauti. Hakugeuka kunitazama. Nikajiambia, mtoto anasoma huyo, na kesho yake nikarudia, kisha ikawa kila siku.

Na kweli alisoma. Wiki ya pili alikuwa anataja herufi kutoka a mpaka m bila kukwama. Mama aliacha mkasi, akamwita mteja wake asikilize, akasema binti yangu ndiye mwalimu, wala hajasaidiwa na mtu. Mteja akaniita mwalimu mkuu. Kichwa kikanivimba. Hapo ndipo ningesema ukweli bila gharama yoyote, lakini nilitabasamu tu nikaangalia chini, kama mtu mwenye haya. Kuanzia siku hiyo herufi za kwenye kitambaa niliziandika mwenyewe kwa mkono wa kushoto, ili zionekane zimepinda kama za mtoto.

Wiki ya tatu kulikuwa na kitu hakikai sawa, nami nilikiona. Kibonge hakucheka sana kama zamani. Nikimvua hedifoni alilia na kujishika masikio. Siku ya Alhamisi nilirudi ndani nikamkuta amezichomoa mwenyewe, anasugua sikio la kulia kwa kiganja, tena kwa nguvu. Nikaziokota. Upande mmoja ulikuwa na kipira chake. Upande wa pili palikuwa na kijibomba kitupu cha plastiki.

Nilitafuta kwenye mkeka. Nikakunguta mto, nikainua godoro, nikaingiza mkono chini ya kabati nikatoka na vumbi na kifungo. Kile chumba kilikuwa kidogo, na kitu kikipotea mle hakikosi kuonekana. Nikamtazama Kibonge, naye akaendelea kusugua sikio. Nilijua. Mtu asinidanganye kwamba mtoto wa miaka kumi na miwili hajui. Nilijua palepale. Lakini nikajiambia labda panya amekibeba, nikazikunja zile hedifoni nikazitumbukiza chini kabisa kwenye gunia la mabaki ya vitambaa.

Kesho yake sikutoka kuruka kamba. Nilikaa na Kibonge, nikamwandikia herufi, nikamwimbia. Nilimwita nikiwa kulia kwake, hakugeuka. Nikaenda kushoto nikamwita kwa sauti ileile, akageuka. Nikarudi kulia. Nilirudia mara nne au tano, mpaka yeye akadhani ni mchezo.

Jumapili mama aligundua harufu. Alikuwa amempakata Kibonge, akainamisha pua, akauliza huyu mtoto ananuka nini. Akasema huenda ni maji ya kuogea yameingia. Alikwenda duka la dawa akarudi na kichupa cha matone. Kila asubuhi na kila jioni alimlaza Kibonge ubavu, akaniambia, "Mshike miguu, mwanangu," nami nikashika. Matone yalipoingia, Kibonge alipiga yowe ambalo sijapata kulisikia kwa mtoto yeyote. Mama alimbembeleza akisema vumilia baba, dawa inakuponya. Mimi nilikuwa nimeishika ile miguu midogo inarusha mateke, na ninajua dawa haifiki popote, kwa sababu ninajua kilichoziba njia. Nilifanya hivyo siku tatu. Siku tatu, asubuhi na jioni.

Chakula hakikupita kooni. Mama aliponiuliza nina nini, nilisema nina mtihani. Alinishika paji la uso akasema nisijitese sana na masomo, na Kibonge nisimfundishe mpaka apone. Wema wake ndio ulionimaliza.

Jumatano Kibonge aliamka mwili unachoma. Nyuma ya sikio palikuwa pamevimba na kuwa pekundu, na hakutaka mtu asogeze mkono. Mama alifunga karakana, jambo ambalo hakulifanya hata alipougua yeye. Akanituma nibebe mfuko wa nguo za mtoto, tukaenda hospitali sote watatu.

Daktari alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye sauti ya chini na mikono isiyo na haraka. Alijaribu kuchungulia sikioni kwa kile kifaa chenye taa, Kibonge akajinyonga kama samaki. Alipofanikiwa, alitikisa kichwa. Alimweleza mama kwamba njia ya sikio imevimba mpaka imejifunga na imejaa usaha, kwa hiyo kifaa hakionyeshi kilicho ndani. Akauliza kama kuna kitu chochote kimeingia, punde au zamani kidogo: punje, shanga, karatasi.

"Hakuna, daktari," mama alisema. "Mtoto huyu haachwi peke yake hata dakika moja. Dada yake hamtoi machoni."

Daktari akanitazama, kisha akashika kalamu. Alisema basi ataandika dawa ya kumeza na matone mengine yenye nguvu zaidi, warudi baada ya wiki moja. Nikaiona ile wiki. Asubuhi na jioni, mimi nimeshika miguu. Kalamu ilikuwa imeshaanza kuandika. Nilijua nikifungua mdomo nimekwisha, mama hataniamini tena maisha yangu yote.

"Kuna kipira sikioni," nikasema. "Cha hedifoni. Nilimvisha mimi."

Kalamu ikasimama. Mama aligeuka taratibu, akanitazama kama mtu aliyeitwa na asiyemfahamu. Nikayasema yote, tena kwa kufululiza, maana ningenyamaza kidogo nisingeendelea: bata, kamba, mlango wa nyuma, herufi za mkono wa kushoto, gunia la mabaki. Daktari aliuliza swali moja tu, ni siku ngapi. Nikasema sita. Akainuka, akamwita muuguzi, akasema mtoto haendi nyumbani kabla kipira hakijatoka.

Walimpeleka chumba cha pili, mama akaingia naye, mimi nikaachwa kwenye benchi. Nilisikia yowe, kisha nikasikia kimya. Kile kimya kilinitisha kuliko yowe. Nilikaa nimeziba mdomo kwa viganja viwili, nikihesabu vigae vya sakafu, nikapoteza hesabu, nikaanza upya.

Mlango ulipofunguka, daktari alikuwa ameshika kipande cha pamba. Juu yake palikuwa na kile kipira, kidogo kama punje ya hindi, kimelowa usaha na damu. Kibonge alikuwa amelala begani kwa mama, walimpa dawa ya usingizi. Daktari aliketi kando yangu. Alisema kiwambo cha sikio hakijatoboka, lakini kimeumia, na kwamba kile kipira kingekaa wiki nyingine pengine mtoto asingesikia tena upande huo.

"Mama yako alikupa video ya dakika kumi, na hakukosea," aliniambia. "Video inamwonyesha mtoto herufi, lakini haimwoni mtoto. Haijui kama amechoka, au anaumia, au ana kitu sikioni. Kazi ya kumwona ilikuwa yako. Na masikio ya mtoto mdogo si ya kuchomekwa kitu, hata kiwe laini namna gani."

Kwa siku kumi mama hakunikabidhi Kibonge. Alishona amemfunga mgongoni, mguu unakanyaga cherehani na jasho linamtiririka, na nilipojitolea kumpokea alisema asante, hapana. Hakunipiga wala hakunitukana. Ningependa angenipiga.

Siku ya kumi tulirudi hospitali. Daktari alichungulia, akasimama nyuma ya Kibonge upande wa kulia, akanong'ona jina lake halisi. Kibonge akageuka akamtolea ulimi. Mama akacheka, halafu akalia, halafu akajifuta machozi kwa ncha ya kanga kabla hatujatoka nje.

Tulipofika getini akasimama.

"Nisikilize vizuri," alisema. "Kuruka kamba ungeniomba, ningekupa ruhusa, wewe ni mtoto, unahitaji kucheza. Kukosea hata mimi nakosea, nguo ngapi nimekata vibaya. Lakini siku tatu nilimtia mwanangu dawa inayomtesa bure, na wewe umeshika miguu, unajua. Hilo ndilo lililoniuma. Kosa ukiliwahi kulisema, tunalirekebisha wawili. Ukilificha, anayelipa ni yule asiyeweza hata kusema anaumwa wapi."

Nilisema nimesikia, mama. Alinitazama kwa muda mrefu pale getini, watu wakitupita. Kisha akafungua kanga mgongoni, akamshusha Kibonge, akaniwekea mikononi.