Masharubu ya Mlenda

Kila Jumamosi kijiji chetu cha ujamaa, karibu na Ipole, kililima shamba la pamoja, na darasa la tano lilichuma mboga ya mchana. Siku hiyo ilikuwa zamu ya Tekla na Masolwa kuchuma mlenda wa porini. Tekla alikuwa mgeni. Familia yake ilihamia kutoka Kaliua, mji wenye stesheni ya reli, miezi miwili tu iliyopita, na kule mlenda aliuona sokoni, umeshafungwa mafungu.

"Shikamoo, Bi Sikuzani. Mboga hii hapa," Tekla alimwambia mpishi.

"Marahaba." Bi Sikuzani alichungulia kikapu, akakimwaga chini. "Haya ni majani ya ufagio, magugu ya kufagilia, hayaliwi! Rudi ukaangalie vizuri."

Tekla alirudi porini, jua likimchoma utosini. Kikapu cha pili nacho kikamwagwa. Maua ni ya njano, majani yana meno, aangalie nini tena? Alikasirika mpaka machozi yakamlengalenga, na hata mimi ningekasirika. Masolwa alikuwa akicheka tu. "Mtoto wa stesheni huyo!"

Safari ya tatu Tekla alichoka. Alimwomba Masolwa konzi mbili za mlenda wake, akazitandaza juu ya majani yake mwenyewe.

Bi Sikuzani alitazama juu juu, akatabasamu. "Sasa umejua." Akainua kikapu juu ya sufuria. Watu sitini walikuwa shambani tangu alfajiri, na mboga nyingine haikuwepo.

"Usimimine!" Tekla alipiga kelele. "Mlenda ni huo wa juu tu. Wa chini sijui! Kila mara unaniambia niangalie, huniambii niangalie wapi!"

Bi Sikuzani alikiweka kikapu chini, akakaa kwenye kigoda.

"Njoo. Tazama hapa jani linapoanzia, kwenye kikonyo. Unaona vinywele viwili, kama masharubu ya paka? Huo ni mlenda. Hili halina, ni la ufagio. Maua yote ni ya njano, yasikudanganye."

Walichambua jani moja moja. Katika zile konzi za Masolwa yalipatikana majani matatu ya ufagio, na sasa Tekla ndiye aliyecheka. Chakula kilichelewa na wakulima walinung'unika, lakini walikula mlenda mtupu.

"Nilikosea kukufukuza bila kukuonyesha," Bi Sikuzani alimwambia baadaye. "Lakini nawe usirudie. Ukikosea mbele yangu, nitakusahihisha. Ukinificha, nitawapikia watu ufagio."