Mkalimani Asiyepokezana

"Ganzi, chai imemwagika."

Maana yake: muuaji yumo ukumbini.

"Nakupata, Shangazi."

Hilo halikuwa jina la kificho. Mkuu wa idara ya ujasusi alikuwa shangazi yake kweli, dada wa baba, na idara nzima ilimwonea huruma.

Jukwaani, Mwanafalsafa alikuwa anahutubia. Mzee mfupi, koti kama la kuazima. Akimaliza, mataifa mawili yatie saini mkataba, vita viishe. Wauza silaha za magendo hawakutaka amalize. Asipomaliza, mdogo wake Ganzi, binti askari aliyeko handakini mpakani, harudi nyumbani.

Ganzi alilifikiria hilo.

Hakuhisi kitu. Hilo jina hakupewa bure.

"Amani yenye kipengele cha siri," Mwanafalsafa alisema, "ni vita vilivyokaa kupumzika."

Kutoka pembeni mwa jukwaa, darubini yake ya Nikon ilipita viti, walinzi, wapiga picha. Safi.

Kisha vibanda vya kioo vya wakalimani, kule nyuma.

Wakalimani hukaa wawili wawili. Kila nusu saa hupokezana, maana ubongo nao huchoka. Kibanda cha kwanza walipokezana. Cha pili vilevile.

Cha tatu, jamaa mmoja alikuwa anatiririka tangu hotuba ianze. Mwenzake kalalia meza.

"Shangazi, kuna mtu anachapa kazi kupita kiasi."

"Basi si wa ukoo wetu. Wapi?"

"Kibanda cha tatu."

"Nenda!"

Ngazi. Mlango. Teke.

Bastola yenye kiwambo cha sauti ilishachungulia kwenye tundu la kioo. Jamaa aligeuka, mdomo bado unatafsiri. Kiwiko cha Ganzi kikamkatiza katikati ya sentensi. Bastola ikaanguka kwenye zulia.

Mwenyewe akaifuata.

Mwenzake alikuwa anakoroma. Dawa kwenye kahawa.

Chini, wajumbe wa upande wa pili walianza kugonga spika zao za masikioni. Kimya. Kiongozi wao akafunga mkoba, akasimama.

"Wanadhani tunawaficha kitu," Shangazi alisema redioni. "Wakitoka, imekula kwetu. Lugha yao unaijua."

"Ya jikoni tu."

"Hiyohiyo. Wifi yangu kanitukana kwa lugha hiyo miaka yote. Leo mwanawe aitumie vizuri."

Ganzi akavuta maiki.

"Hata vitani," Mwanafalsafa alikuwa anasema, "taifa lisitende jambo litakalofanya kuaminiana baadaye kusiwezekane."

Ganzi akatafuta maneno ya mama yake. Yalikuwa machache.

"Mkigombana," alisema kwa sauti bapa, "msitiane sumu chunguni. Kesho mtapika humohumo."

Kiongozi aligeuka kutazama kibanda.

Akaketi.

Saini zilipokauka, Shangazi akarudi redioni. "Mzee hakutaja chungu."

"Sikuwa na neno lingine."

"Unajisikiaje, mwanangu?"

"Sijisikii."

Simu yake, Nokia ya vitufe, ikatetemeka. Mdogo wake.

*Kaka, tumeambiwa tufunge virago. Kweli au mnatutania?*

Akajibu: *Kweli. Ufunguo uko palepale.*

Alitoka kwa mlango wa nyuma, mikono mfukoni, mwendo wa mtu asiye na haraka. Wapita njia walikuwa wanakimbia. Aliwashangaa.

Alipofika kwenye gari ndipo alipoona shati limelowa chapachapa. Kumbe mvua.