Baba Alivuta Pumzi Mara Mbili

"Nani amekata sauti hii?"

Mwalimu aliliuliza darasa kwa upole tu. Mimi nikageuka kumtazama mume wangu, aliyekuwa nyuma ya chumba akikunja nyaya.

Hakuwa anakunja tena. Alikuwa anaangalia mlango...

Ngojeni niwape picha kamili, maana nikianzia hapa mtasema nimechanganyikiwa.

Mimi ni mtangazaji wa kipindi cha salamu katika redio moja ndogo. Kazi yangu ni kuwafikishia watu salamu za ndugu zao. Chekeni tu, hata mimi nimeshacheka.

Mume wangu ndiye fundi mitambo wa redio hiyohiyo. Baba yangu hakumtaka tangu siku ya kwanza. Nikang'ang'ania. Wanasema mapenzi ni kipofu, basi mimi ndiye niliyekuwa nayashika mkono.

Baba alipougua, simu yangu ilikuwa imevunjika. Nyumbani wakawa wananipata kwa simu ya mume wangu. Siku moja akarudi kutoka kazini uso umemshuka.

"Mke wangu, baba ametuma ujumbe wa sauti. Sijui hata kama usikilize."

"Niwekee."

Nikamsikia baba, sauti imechoka.

"Mwanangu... usikanyage hapa kwangu, hata nikifa."

Basi. Alipofariki, sikwenda. Neno la mzazi aliye kitandani nani atalipinga? Ndugu zangu walizika, mimi nikasoma salamu hewani nimevaa miwani ya jua ndani ya studio.

Miaka ikapita. Ule ujumbe nikabaki nao, kwa sababu ndiyo sauti pekee ya baba niliyokuwa nayo.

Mwezi uliopita wakaja walimu wanaozunguka redio hadi redio kufundisha kurekodi na kuhariri sauti. Wetu alikuwa mama mmoja mtaratibu, tukambandika jina la Masikio. Mume wangu akapewa kazi ya kumfungia vifaa.

Masikio akatuambia kila mtu alete sauti moja iliyoharibika, tujifunze kuisafisha. Sharti lake lilikuwa moja, usiseme ni ya nani. Darasa linafumba macho, linasikiliza.

Nikapeleka ya baba. Nilitaka tu amwondolee ule mngurumo wa feni, nimsikie vizuri hata kama ananifukuza. Mume wangu sikumwambia.

Masikio akaicheza. Akairudia. Ndipo akauliza lile swali.

"Haijakatwa, mwalimu," nikamjibu. "Ni ujumbe wa simu."

"Imekatwa, binti. Sikiliza. Baada ya 'mwanangu' anavuta pumzi. Halafu anavuta tena, na ile ya kwanza hajaitoa. Hata feni inaruka. Hapa palikuwa na maneno, na aliyeyatoa anaijua kazi."

Mtu anayeijua kazi, na ambaye ujumbe ulipitia mikononi mwake, nilikuwa namfahamu mmoja tu.

Mume wangu alikuwa ameshatoka, nikamkuta kwenye korido.

"Baba alisema nini?"

"Nilitaka kukulinda. Wangekutenganisha na mimi."

"Alisema nini?"

"Maneno ya mgonjwa yale, mke wangu. Yameshapita."

Nikampigia shangazi, dada yake baba, aliyemuuguza mpaka mwisho. Tangu msiba hatukuwa tumesemezana.

"Leo ndiyo umekumbuka una shangazi?"

"Shangazi, ule ujumbe wa baba... bado upo?"

"Simu yake ninayo. Sijafuta kitu. Tuliona umesikilizwa, na wewe hukuja."

Akanirushia. Nikaingia studio, nikafunga mlango, nikavaa hedfoni.

"Mwanangu, njoo uniage. Mimi sina kinyongo na wewe. Na wewe kijana, najua unasikiliza. Umenipigia ukaniambia nisimtafute binti yangu. Basi usikanyage hapa kwangu, hata nikifa."

Nikadhani umekwisha. Kumbe mume wangu alikata na mwisho.

Baba hakuzoea mambo ya kutuma sauti. Alidhani amepiga simu, na mimi niko upande wa pili.

"Haloo? Mwanangu, upo?"

Kimya. Feni inazunguka.

"Shangazi yako anasema nikate. Sikati mimi. Ngoja ajibu."

Kimya tena, kirefu.

"Upo?"

Nikamjibu. Nipo, baba. Nilisema kwa sauti, peke yangu, nikarudia mpaka Masikio akaja kunitoa hedfoni.

Yule mwanaume nimemwachia nyumba na vyombo vyake. Juzi ametuma watu waniambie nimsamehe, eti alifanya kwa mapenzi. Nimewajibu kama ana neno aje aliseme mwenyewe, kwa sababu salamu za kupitia kwa mtu nimeshiba.

Na wewe unayesoma hapa, ukiletewa neno la mzazi wako, hata aliyelileta awe mnalala kitanda kimoja, nenda ukamsikie mzazi mwenyewe angali hai. Akikufukuza, akufukuze ukimwona.

Mimi nilichelewa. Baba yangu alikufa akiamini kwamba nilikuwa upande wa pili wa simu, namsikia, na nimeamua kumnyamazia.