Kidole Gumba cha Pili

Tik.

Kidogo tu, gizani. Oliva alidhani ni tone la maji ndooni, akageukia ukutani, akalala tena. Saa kumi na mbili asubuhi aliikuta ndoo imefunikwa kifudifudi, kavu kama ilivyolala. Kiangazi cha Kitangari hicho. Tone litoke wapi? Na juu ya kabati, simu ya marehemu dada yake Maria haikuwepo.

Humo ndimo Maria alimowekea bintiye Pili, mtoto wa miaka mitano, nyimbo tatu kwa sauti yake mwenyewe. Nakala nyingine hakuna.

Alikagua. Dirisha zima. Mlango umerudishwa tu, komeo wazi. Kaka yao Alfredi, aliyelala sebuleni, alikuwa ameondoka saa kumi na moja na pikipiki yake kuwahi abiria. Pili alikaa mkekani, gumba amelificha ndani ya ngumi, uji hautaki.

Alfredi aliporudi saa tatu, alijipiga paja. "Kurwa huyo! Si juzi alikuja kuitaka? Nimetoka tu, kaingia."

Oliva alikwenda kibandani kwa Kurwa, fundi simu.

"Niliitaka, dada, sikatai," alisema Kurwa. "Lakini simu iliyofungwa nani anainunua?"

Kesho yake jioni Kurwa alibisha hodi mwenyewe, simu mkononi. "Kona iliyopasuka si hii? Jamaa wa Mkomaindo kainunua stendi ya Newala, jana alfajiri, saa kumi na mbili kasorobo, kwa mtu mwenye kofia ya pikipiki. Ilikuwa wazi, muuzaji anakigusagusa kioo kisizime. Kapokea hela, kaondoka, ikajifunga! Jamaa kaniletea niifute yote. Nikamwambia subiri."

Wazi? Oliva aliikumbuka ile tik ya gizani: simu hii hutoa sauti hiyo ikifunguka.

Alimwita Alfredi, akaiweka simu mezani.

"Imepatikana! Mungu mkubwa."

"Kaka, aliyeiuza aliifunguaje?"

"Mafundi hawa wana mbinu. Au alijua namba."

"Namba aliijua Maria peke yake, kaenda nayo. Kilichobaki ni kidole."

"Basi ndiyo hivyo. Kidole cha Maria, na Maria tumemzika. Mimi nitajuaje?"

"Maria alibangua korosho tangu ana miaka kumi na mbili. Mafuta ya maganda yalimla alama za vidole vyote, simu ikamkataa. Ikasajiliwa gumba la Pili. Aliyeisajili ni wewe, kaka. Umesahau? Ulimcheka hapa hapa, ukasema ana vidole vya kijiko."

Kurwa alitema mate nje ya mlango.

"Pikipiki inataka tairi," Alfredi alisema. "Marehemu ana haja gani na simu?"

"Ukamshika mtoto yatima mkono gizani, kama unachuna mzoga."

"Usinitukane, Oliva! Nimemwumiza? Nilimgusa kidogo tu. Alikuwa amelala fofofo, hata hajui."

Nyuma ya Oliva mkeka ulichakarika. Pili alikuwa amesimama, ngumi ameikunjua, gumba limejikunyata kwa kufichwa siku mbili.

"Mjomba, mimi nilikuwa macho."