Unga kwenye Paji la Queen

Stendi ya Masasi asubuhi haina simile. Wapiga debe wanagombania mabegi, mama lishe wanagombania wateja, na asiye na biashara naye anapiga kelele asionekane mjinga. Zabroni, dereva wa bodaboda, alikuwa ameshusha abiria kutoka Chiungutwa na anafuta vumbi kwenye kiti cha pikipiki yake alipoliona gauni la kitenge cha njano, mikono imevimba mabegani, kiuno kimebanwa barabara. Gauni lile alilijua. Na aliyelishona ndiye aliyelivaa.

"Queen?"

Msichana aligeuka, akashika kifua. Katikati ya paji la uso wake palikuwa na alama nyeupe ya unga wa mtama. Nyuma yake alisimama kijana mtanashati, shati jeupe limepigwa pasi, amembebea begi.

"Zabroni! Unafanya nini hapa?"

"Mimi ndiye wa kukuuliza wewe, mpenzi. Jana kwenye simu si uliniambia uko Newala unamalizia sare za kwaya? Leo unakwenda wapi?"

Queen aliangalia chini. Jibu alikuwa nalo ila alikatazwa kulitoa.

Kwao Mnyambe safari ya mbali haitangazwi. Marehemu baba yake alikuwa utingo wa malori ya korosho, na kila aliporudi alimsimulia Queen habari za Dar es Salaam, taa zake na maghorofa yake, akimwahidi kumpeleka akikua. Siku moja aliondoka nyumbani akiwa ametoka kugombana na jirani, jirani akamtupia neno baya mgongoni. Lori lilipinduka, hakurudi. Tangu siku hiyo, mtu wa familia ile akisafiri anapakwa unga, anaagwa na watu wa ndani tu, na hakuna anayethubutu kumtamkia baya. Sasa Queen alikuwa amepata nafasi kwa fundi wa Kariakoo ya kujifunza kushona magauni ya harusi. Angempigia Zabroni akishafika.

Zabroni, mtoto wa mwalimu wa Lulindi, hayo yote hakuyajua. Angevuta subira angeelezwa. Lakini wivu una masikio gani?

"Na huyu ni nani?"

"Zabroni, nakuomba. Nitakupigia."

"We kijana, weka begi chini! Umekosa wa kwenu mpaka uje kubeba wa kwangu?"

Yule kijana hakutaka ugomvi siku ya safari; aliliingiza begi kwenye buti la basi. Kondakta akapiga bodi ya basi kwa kiganja. "Dar! Dar! Tunaondoka!"

"Kumbe Dar," Zabroni alisema. "Ndiyo maana unajificha. Haya, nenda. Nenda na usirudi!"

Queen alitoa sauti ndogo, kama mtu aliyeungua. Mkono wake ulikwenda kwenye unga. Kondakta akamsukuma ndani, mlango ukafungwa, basi likatoka.

Kijana wa shati jeupe alishika kichwa kwa mikono miwili. "Umefanya nini wewe? Mimi ni Erasto. Mimi ni mjomba wake!"

Kwa watu wa Queen, mjomba ndiye anayepokea posa na mjomba ndiye anayekataa. Mara ngapi Queen alimtania Zabroni: "Ukitaka kunioa, jiandae kwa mjomba Erasto." Yeye akawaza mzee wa mvi na mkongojo, kumbe ni mdogo wa mwisho wa mama yake Queen, kijana wa rika la Zabroni mwenyewe.

"Shi... shikamoo, mjomba."

"Shikamoo yako kaa nayo! Mpigie mwanangu simu."

Alipiga. Haikupokelewa. Alipiga tena na tena. Erasto alimweleza habari za lori, za unga na za Kariakoo, na Zabroni akapiga tena hata kabla hajamaliza kuelezwa. Walikaa kwa mama lishe wanaitazama simu mezani, chai ikapoa, maandazi yakaliwa na nzi. Jua lilikuwa utosini simu ilipolia.

"Zabroni." Alikuwa analia. "Tairi limepasuka. Tuko porini, tumeipita Somanga. Basi limeyumba mpaka pembeni kabisa, watu wanapiga mayowe. Nikajua ni mimi. Ni neno lako."

"Umeumia, mpenzi wangu?"

"Sijaumia. Lakini basi hili sipandi tena. Kuna gari hapa linarudi Lindi. Narudi nyumbani."

Zabroni alifurahi. Tusimfiche. Dar isingemchukua tena Queen wake, na yeye alitakiwa kunyamaza tu.

Erasto aliinyakua simu, akaweka sauti kubwa. "Mwanangu, usipande gari lolote. Subiri." Akasukuma kikombe cha maji mbele ya Zabroni. "Sukutua, uteme chini, useme moyo wako mweupe. Neno ulilitoa wewe, wa kulirudisha ni wewe."

"Mimi mtoto wa kanisani, mjomba."

"Na mimi naimba kwaya. Sukutua!"

Zabroni alisukutua, akatema. "Moyo wangu mweupe. Nenda salama, Queen."

"Bado," Queen alisema. "Sauti hiyo naijua. Ndiyo unayonidanganyia kwamba umeshakula."

Mama lishe aliacha kuosha vyombo. Zabroni alifuta uso kwa mkono.

"Naogopa, Queen. Huko kuna wanaume wana magari, mimi nina pikipiki ya vumbi. Uliposema unarudi nilifurahi. Wewe unalia, mimi nafurahi! Nisamehe. Sitaki urudi kwa hofu niliyokutia mimi. Nenda ukaione Dar ya baba yako. Ukinirudia, nitacheza ngoma stendi hapa. Usiponirudia nitalia, lakini baya sikutamkii tena maisha yangu yote."

Akasukutua tena. Maji yakamwagikia kiatu cha Erasto. Erasto hakusogeza mguu.

Huko porini honi ililia. "Wamemaliza kufunga tairi," Queen alisema. Simu ikakatika.

Kapanda gari lipi? Mchana kutwa hawakujua, simu haikupatikana, na Zabroni alikataa abiria wote. Giza lilianza kuingia ndipo simu ikalia, nyuma yake makelele ya watu na magari.

"Uko wapi?" Zabroni alisimama.

"Mbagala." Alicheka huku analia. "Zabroni, mji unatisha! Taa ni nyingi kuliko alivyosema baba. Fundi wangu wa Kariakoo kanipokea, anauliza hii nyeupe usoni ni nini."

"Umemwambiaje?"

"Nimemwambia nimeagwa. Nimeagwa na watu wawili."

Erasto aliinama kwenye simu. "Yako yamekwisha, mwanangu. Tusi langu bado. Huyu ataleta mshenga Newala, nami nitamkalisha juani kwanza."

"Usimkaushe, mjomba. Ni wangu huyo." Kisha sauti yake ikashuka. "Zabroni, fundi kanishika mkono, tunavuka barabara. Magari hayaishi. Naogopa. Usikate simu."

"Sikati, mpenzi."

Alikaa kwenye pikipiki yake, simu sikioni, akizisikiliza honi za Dar.