Mfuko Mmoja Mzito

Kila asubuhi fundi seremala na mkewe walinyunyizia maji mifuko ya uyoga. Walikuwa wameitundika katika chumba cha nyuma, kilichokuwa karakana kabla fundi hajaumia mgongo. Sasa uyoga ndio uliowaweka mjini.

Walikuwa wakijaribu vyakula vitatu vya kuoteshea. Mifuko mingine ilijaa unga wa mbao, mingine magunzi ya mahindi yaliyopondwa, na mingine mabua ya mpunga.

"Hebu shika huu," fundi alisema. "Unga wa mbao. Mzito kama nini. Msimu ujao tujaze unga wa mbao chumba kizima."

"Huo umeuona. Wenzake waliodumaa hukuwaona?" mkewe alijibu. "Mimi nasema magunzi."

Wakanuniana. Fundi hakutaka kusema, lakini ule unga ndio kitu pekee cha useremala alichobaki nacho.

Jirani yao alifanya kazi kwenye kituo cha utafiti wa mimea. Mtaani walimwita Bi Mizani. Alipokuja kusalimia, walimwingiza chumbani awaamue.

"Shemeji, mbona unga wa mbao wote uko karibu na mlango?" aliuliza.

"Ndipo palipokuwa na nafasi."

"Basi hatujui kama uyoga umependa unga au umependa hewa."

Mke alicheka chinichini.

"Nawe shoga, usicheke," Bi Mizani alisema. "Hata mifuko yenye chakula kimoja haizai sawa. Hiyo ni tofauti ya ndani ya kundi. Halafu kila kundi lina wastani wake, na wastani hizo nazo zinatofautiana. Tunapima tofauti ya makundi kwa tofauti ya ndani. Makundi yakikaribiana huku mifuko ya kundi moja inapishana sana, huenda ni bahati tu. Makundi yakiachana mbali kuliko hapo, kuna jambo. Kazini tunaita uchanganuzi wa variansi."

"Uchanganuzi huo utanipa mshindi?" fundi aliuliza.

"Kwanza utatuambia kama kuna kundi lililo tofauti. Kulijua ni lipi, tunalinganisha mawilimawili baadaye."

Walianza upya. Walijaza mifuko mingi zaidi, yenye uzito sawa, na kila mmoja wakautundika pale kura ilipoangukia. Walipovuna, walipima uyoga wa kila mfuko peke yake. Bi Mizani akapiga hesabu.

"Tofauti ipo kweli," aliwaambia. "Unga wa mbao na magunzi wametoka sare. Mabua yamewaacha mbali wote wawili."

Fundi akamgeukia mkewe. "Kumbe siku zote tulizonuniana..."

"Mabua yalikuwa yanatusikiliza tu," mkewe alisema.

Fundi akacheka mpaka akashika mgongo.

Msimu uliofuata walijaza mabua, na uyoga ukatoka mwingi kuliko walivyowahi kuvuna. Ila fundi alitenga mifuko michache kando.

"Nataka kujaribu mabua yaliyochanganywa na unga wa mbao," alisema. Mkewe alipofungua mdomo, akamwahi: "Najua, mama. Kura kwanza."