Alama Katika Kisanduku

Kila siku alipotoka shule, Chapuchapu alivua sare, akala alichofunikiwa mezani, kisha akakimbilia chumba cha mbele, ambako shangazi yake alifanyia kazi. Jina hilo alipewa na wenzake darasani, kwa kuwa alikuwa wa kwanza kumaliza kila kitu: hesabu, kufagia, hata kunywa chai. Alikuwa na umri wa miaka kumi na mitatu.

Shangazi alikuwa mtunzi wa programu za kompyuta. Pamoja na wenzake wa kujitolea, alitunza maktaba ya hesabu. Haikuwa maktaba ya vitabu, bali mkusanyiko wa programu ambazo mtu yeyote aliruhusiwa kuzisoma, kuzitumia na kuzirekebisha bure. Mojawapo ilizalisha namba za bahati nasibu, yaani namba zisizobashirika, kama za dadu inayorushwa. Ilikuwa sahihi, lakini ilijikokota.

"Inatembea kama imeteguka mguu," alilalamika Chapuchapu. "Shangazi, niachie mimi niiharakishe."

"Haya, jaribu. Ila ukimaliza, endesha jaribio refu kabla ya kuniletea."

Alihangaika wiki mbili. Hatimaye aliigawa kazi, ili sehemu mbili za kompyuta zizalishe namba kwa wakati mmoja. Kazi ya sekunde kumi ikaisha kwa tano! Ilibaki fomu ya kuwasilisha, na chini yake kisanduku kidogo chenye swali: Je, umeendesha jaribio refu? Jaribio hilo lilikagua kama namba zinajirudia, nalo lilichukua saa nzima.

Nje, rafiki yake aliyeitwa Mlingoti kwa urefu wake alikuwa akidundisha mpira. "We Chapuchapu! Leo umegeuka Polepole? Timu nzima inakungoja wewe!"

Alitazama saa. Akatia alama katika kisanduku, akatoka mbio.

Shangazi alipoiona alama ile, hakuuliza zaidi. Aliikubali kazi, na kesho yake akamsifu mbele ya familia nzima. Chapuchapu alitabasamu. Kisha akaepuka macho yake, akakimbilia mpira.

Wiki tatu baadaye, mlango uligongwa. Alikuwa muuguzi mkuu wa zahanati ya jirani, viatu vyake vimejaa vumbi, mkononi ana karatasi mbili.

"Dada, sikuja kugombana," alisema akiketi. "Nilitaka programu yako inichagulie kwa bahati nasibu nyumba mia mbili za kupima watu macho. Mia moja za muuguzi huyu, mia moja za yule. Sasa hebu tazama."

Orodha zilifanana, nyumba kwa nyumba.

"Siku mbili wauguzi wangu wanapishana milangoni juani! Bibi mmoja kapimwa mara mbili. Ameniuliza kama macho yake ya asubuhi yamepotea." Alicheka kidogo, kisha akazikunja karatasi zake. "Na nyumba mia moja hazijafikiwa na mtu."

"Nisamehe, kaka. Kosa ni langu," alisema shangazi. "Mimi ndiye niliyeikubali programu hii. Jaribio refu liliipitisha, kwa hiyo jaribio lenyewe ni bovu. Itabidi nilifumue lote nilitunge upya."

Chapuchapu, aliyekuwa ameketi pembeni, aliinua kichwa. Jaribio lile shangazi alilijenga kwa mwaka mzima. Alitamani sakafu ipasuke immeze.

"Shangazi, usilifumue," alisema kwa sauti isiyofika mbali. "Jaribio ni zima. Sikuliendesha."

"Hukulimaliza?"

"Sikuligusa kabisa. Nilitia alama tu, nikaenda kucheza."

Muuguzi aliinamia viatu vyake. Shangazi alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Chapuchapu aliona bora angefokewa. Machozi yakamlengalenga.

"Liendeshe sasa," shangazi alisema hatimaye.

Aliliendesha. Dakika ya tatu tu likasimama: namba zinajirudia. Dakika tatu! Hata Mlingoti angesubiri kiasi hicho.

"Kila sehemu huanza na namba moja, tunayoiita mbegu," alieleza shangazi. "Wewe umezipa zote mbili mbegu ileile, basi zimeota mmea mmoja."

Chapuchapu alizipa mbegu tofauti, akaliendesha jaribio tena. Lilipokuwa likienda, aliwaandikia watunzaji wote wa maktaba kwamba alitia alama ya uongo. Barua hiyo fupi aliifuta mara nne, kwa kuwa kila mara alijikuta akijitetea. Mlingoti alipoita dirishani, alitikisa kichwa tu.

Saa ilipotimia, jaribio lilipita, na kazi ilikuwa bado ya sekunde tano. Muuguzi akapewa orodha mpya.

"Utaniamini tena, shangazi?"

"Nitakuamini, mwanangu, ingawa si leo leo. Kosa la mbegu hata mimi ningelifanya. Kilichotuumiza ni ile alama. Anayepokea kazi yako hakukuona ukiifanya. Hana cha kushika ila neno lako. Ukimpa neno tupu, atashuku kilicho kizima na kuamini kilicho kibovu, kama nilivyofanya mimi."

Chapuchapu alifungua fomu mpya. Kisanduku kilikuwa kitupu. Alilisoma swali mara mbili, kisha akatia alama, na safari hii mkono wake ulikwenda polepole.